Udi wa Nani Huu?

Alhamisi iliyopita baada ya Isha, watoto wawili wamelala na wa tatu anajidai amelala, nilitoa kaa moja jikoni nikalitia kwenye chetezo, nikaweka na kipande cha udi juu yake. Udi wenyewe wa kupika, ule wa nyumbani, umegandana na sukari na marashi hata kuubandua kwenye kopo lazima utie kisu. Nikavuta kigoda, nikafumua nywele, nikajifunika kanga kuanzia kichwani. Moshi ukaanza kunipanda.

Haukupita muda jirani akaniita kwa upande wa pili wa ukuta. Sisi huku Fuoni nyumba zimebanana, ukikaanga samaki jirani anajua leo ni changu au ni tasi.

"We mama! Mwenyewe karudi?"

Mwenyewe ni bwana wangu. Kazi yake iko Chake Chake, Pemba, anavuka kuja Unguja kila baada ya wiki tatu, na siku hiyo alikuwa amebakisha siku tisa.

"Hajarudi," nikamjibu.

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Basi udi wa nani huu?"

"Wangu!"

Akacheka, nami nikacheka, akafunga dirisha. Lakini swali lake lilibaki na mimi chini ya ile kanga, na wiki nzima nimekuwa nalo. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu udi kwetu una mwenyewe. Unachomwa kwa ajili ya mume, harusi, maulidi, Idi, mgeni wa heshima. Mwanamke akijifukiza na mumewe yuko ng'ambo ya bahari, basi kuna jambo, na jambo lenyewe si zuri.

Nimejaribu kukumbuka ni lini mwili wangu ulishughulikiwa kama kitu chenye thamani, na nimepata mara mbili. Ya kwanza nilipowekwa ndani kabla ya harusi: singo ya maua ya waridi na langilangi na liwa, somo wangu, yule aliyenifunda, ananisugua mgongo huku akinisimanga kwa magoti yangu meusi. Ya pili ni uzazi. Siku arubaini za mtoto wa kwanza nilikandwa kwa maji moto asubuhi na jioni, nikafungwa tumbo kwa kanga, nikapewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku, na nikitaka kuinuka kuchukua kikombe napigiwa kelele. Siku ya arubaini na moja nikakabidhiwa ndoo. Sitanii, ndoo ya nguo za mtoto, na aliyenikabidhi ni shangazi yangu yule yule aliyekuwa akinipigia kelele nisiinuke.

Mtoto wa pili arubaini zake zilifika siku ishirini na kitu hivi. Wa tatu sizikumbuki.

Sasa mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, mkondo wa asubuhi. Mwanangu wa kwanza anasoma mkondo wa asubuhi, wa pili wa mchana, kwa sababu skuli yao watoto ni wengi kuliko vyumba, inabidi wapokezane. Maana yake nyumba yangu haina saa ambayo hakuna mtu anayetaka kuvaa, kula au kwenda. Kuna wa kwenda skuli na wa kurudi skuli, wa kwenda chuoni kusoma Kurani baada ya Alasiri na wa kurudi Magharibi. Juu ya hayo napika visheti na vileja kwa oda, kwa sababu mshahara unafika tarehe ishirini na kitu ukiwa umeshazungumziwa wote.

Mwaka juzi ndipo nilipoanza kupungukiwa na moyo. Neno la hamasa silipendi sana, limekaa kama la mkutano wa hadhara. Moyo ndio ulionipungua. Naamka, nafanya kila kitu, lakini kama mtu anayesukuma gari bovu. Nikafanya wanalofanya wenzangu wengi, nikajitia kwenye kundi la simu la akina mama wanaojiinua. Kila alfajiri inakuja sauti ya mtu ananiambia niamke saa kumi, niandike malengo kumi, nijitazame kwenye kioo niseme mimi ni shujaa. Kuamka saa kumi! Mimi naamka na adhana toka nina miaka tisa, sijapata kuona kama ndiyo siri ya utajiri. Lakini niliandika. Nikabandika karatasi ukutani jikoni, juu ya jiko la gesi: malengo ya wiki, nikitimiza natia alama. Kwa wiki tano au sita niliona kama inafanya kazi.

Kisha ikaja siku ya visheti vya harusi. Oda ya ndoo mbili. Mwanangu mkubwa alikuwa na homa, na yeye ndiye anayemshika mkono mdogo wake kutoka chuoni wanarudi wote. Nikasema nitakwenda mwenyewe Magharibi. Nikakata unga, nikakaanga, nikapika shira, shira ikanizidi ikaanza kuganda kabla sijamwaga, nikaanza upya. Adhana ya Magharibi niliisikia, nikaswali hapo hapo jikoni kwa haraka, nikarudi kwenye sufuria. Adhana ya Isha ndiyo iliyonipiga kifuani.

Nilikimbia na mikono ya shira. Mke wa ustadhi alikuwa amemweka ukumbini kwake, kampa chai na kipande cha boflo. Mtoto wa miaka sita, juzuu iko mapajani, viatu kavaa tayari. Hakulia. Laiti angelia. Alinitazama tu akasema, "Nilijua una kazi, mama."

Tulirudi njia nzima kanishika kidole, kimemganda kwa sukari. Nilipofika nilibandua ile karatasi ya ukutani nikawashia jiko la mkaa. Malengo yote ya wiki ile yalikuwa na alama isipokuwa moja.

Basi Ijumaa nikawachukua wanangu tukapanda gari kwenda Jambiani kwa mama yangu.

Mama yangu ni mkulima wa mwani. Mashamba ya mwani ya biashara yalianza kwetu mwaka 1989, Paje na Jambiani, na yeye aliingia miaka miwili baadaye, mimi bado nabebwa. Wanaume walijaribu mwanzoni, wakaona fedha haitoshi kwa mgongo unaoinama saa zote hizo, wengi wakaondoka. Wanawake wakabaki. Unapigilia vijiti viwili mchangani, unavuta kamba baina yao, unafunga vichipukizi kwa vikamba vidogo wanavyoviita taitai, unasubiri mwezi mmoja na nusu, unavuna, unaanika. Kilo saba nane za mbichi zinakupa moja kavu. Ikifika huko inakokwenda ndiyo ule ute unaogandisha dawa ya meno na aiskrimu. Mama yangu hajapata kuijali aiskrimu. Alichokijali ni kwamba fedha ile ilikuwa ya kwanza maishani mwake kuingia mkononi mwake bila kupita mkono wa mtu. Kabati la vyombo lililoko ukumbini mpaka leo, na sare zangu za skuli, ni mwani.

Kuna aina mbili, ile nene wanayoiita kotoni na nyembamba wanayoiita spinosumu. Kotoni ndiyo yenye bei, na ndiyo iliyokufa. Maji yamekuwa ya moto, inageuka nyeupe inakatika kamba nzima. Kwa hiyo mama anafunga ile nyembamba, ya bei ndogo, na kila mwenye mzani anapoondoka, mama husema jambo lile lile: "Kapima mwani. Mgongo wangu hakuupima."

Nilimkuta barazani anasuka ukili. Miguu kainyoosha, nyayo kapaka hina mbichi imefungwa kwa majani na vitambaa, hawezi kutembea hata akitaka. Nikamwamkia, wanangu wakamwamkia bibi yao, wakakimbilia pwani. Nikakaa. Nikamweleza habari ya chuoni, na nikamwambia sina hamu ya kitu, nadhani nimekuwa mvivu, nadhani nina kasoro.

Aliendelea kusuka. Kisha akauliza, "Leo mwezi ngapi?" Alikusudia mwezi wa angani, leo siku ya ngapi tangu uandame.

"Mwezi nane, mama."

"Umeniona nimekwenda pwani?"

"Hujakwenda."

"Mimi mvivu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyayo zina hina. Aliyekulia upande wetu anajua hili bila kufundishwa. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku mbili tatu baadaye ndipo bamvua kali: saa nne, saa tano asubuhi bahari imekauka kuelekea mwambani, unakwenda kwa miguu mahali ambapo jana usiku ngalawa ilipita. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 hivi, na kila siku yanatoka kidogo kuliko jana. Ukifika mwezi saba nane, na tena ishirini na mbili ishirini na tatu, ni maji mafu. Bahari haitoki ya kutosha, kamba za mwani ziko chini ya maji, huna la kufanya. Utamkuta mwanamke aliyekuwa ameinama siku saba jua la utosi amekaa anasuka, anapaka mafuta ya nazi miguu iliyopasuka kwa chumvi, anatia hina. Hakuna anayemuuliza anampambia nani. Na hakuna anayeketi usiku akijilaumu kwamba mbona leo hakwenda.

Nikambishia. Mimi nimesoma, napenda kubisha. Nikamwambia, mama, bahari ina mpango wake inakupa siku za kupumzika, mimi watoto wangu hawana maji mafu.

Akasema, "Sasa hilo ndilo lako," akaniomba nimtafutie sindano yake iliyoangukia chini ya mkeka.

Nilitaka aniambie kitu kikubwa zaidi. Ndani ya gari narudi mjini nilikuwa nimekasirika kidogo. Lakini nilikuwa pia nafikiria zile nyayo. Kwa miaka yote niliyokaa naye sikupata kuziona kama pambo la mtu aliyejipamba mwenyewe. Niliziona kama miguu ya mama.

Kilichobadilika baada ya hapo hakikuja siku moja, na sehemu yake hakikwenda vizuri.

Nilianza na visheti, kwa sababu ya lile neno la mgongo. Nilikuwa na daftari la hesabu: unga, sukari, mafuta, iliki, gesi, mifuko. Nikitoa hayo kwenye bei nasema hii ndiyo faida. Wifi yangu, ambaye ana kibanda cha nguo Darajani na haogopi mtu, alilitazama daftari akauliza, "Na aliyekaanga?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Najua ni wewe. Kaandikwa wapi?" Nikaandika saa zangu. Ikaonekana nilikuwa nafanya kazi saa tano kwa fedha ambayo kijana wa kubeba mizigo sokoni angeitazama akaondoka. Nikapandisha bei. Mwenye duka mmoja alikataa akatafuta mwengine, na kwa miezi miwili nilijuta. Wa pili alilalamika kisha akakubali. Sasa napika kidogo kuliko zamani na napata kama kile kile nilichokuwa nikipata. Oda za usiku wa harusi sichukui tena, labda ya ndugu, na ndugu nao wameanza kujua.

Fedha yenyewe ina kibubu chake. Kidini mali ya mke ni ya mke, na kumlisha yeye na watoto ni juu ya mume; hata shehe mkali wa mtaani hatobishana na hilo. Tunaobishana nalo ni sisi wenyewe. Ukinipa elfu kumi yangu, kabla haijapoa imeshakuwa daftari la mtoto. Siku nilipopokea zamu yangu ya mchezo, ule wa kuchangiana fedha, nilikaa nayo siku mbili bila kuigusa, kisha nikanunua godoro. La kitanda chetu. La zamani lilikuwa na shimo upande wangu, na nilikuwa nimelilalia miaka kwa sababu vya watoto vilikuwa mbele daima.

Na kuna ukoko. Kila nyumba ina mla ukoko. Wali ukishapakuliwa, sahani ya baba, sahani za watoto, ya mgeni kama yupo, mwenye kupika anabaki na sufuria na mwiko, anakwangua amesimama. Nilifanya hivyo miaka kumi na moja hata nikadhani naupenda ukoko. Siku moja nilijipakulia kwanza. Sahani ya kaure ile ya wageni, wali wa juu, kipande cha samaki cha katikati, nikakaa mkekani. Wanangu walinitazama kama ninayefanya kosa. Yule wa kati akauliza, "Mama, nani atakula ukoko?" Nikamwambia nani anautaka? Wote watatu walitaka. Wanaugombania mpaka leo. Kumbe wakati wote ule palikuwa na watu wanautamani nami nawanyima.

Niseme pia jambo moja kwa haraka, maana nisiposema nitakuwa nimedanganya. Si kila kupungukiwa moyo ni maji mafu. Kuna mwenzangu mmoja, baada ya kujifungua, alikaa wiki nyingi hapati usingizi, hasikii njaa, anamtazama mtoto kama wa mtu mwengine. Ule ni ugonjwa, una matibabu, na dawa yake si udi wala godoro wala maneno ya simu. Tunaogopa kusema kwa sababu mtu akisikia hospitali ya akili anafikiria Kidongo Chekundu na watu watasemaje. Alikwenda. Yuko mzima, anasomesha.

Jambo linaloniudhi zaidi, na hapa nitasema nililonalo, ni sifa. Mama ni nguzo, mama ni malkia, nani kama mama. Nina doti nne za kanga za Nani Kama Mama, nimepewa miaka tofauti, na hakuna hata moja iliyowahi kuosha sufuria. Nguzo inasifiwa kwa sababu imebeba paa. Hakuna aliyeiuliza nguzo imekula nini. Nimejikuta nikisifiwa kwa kutolala, nami nikaona fahari kutolala. Bwana wangu mwenyewe, si mtu mbaya, alikuwa akiwaambia wenzake Chake, mke wangu hachoki. Mwaka jana nilimwambia nachoka. Alishangaa kweli. Sasa akija, Jumamosi ni yeye anayekwenda chuoni kuwachukua, na anarudi nao wamejaa vumbi na ubuyu, lakini anarudi nao.

Udi nao ulianza hivyo hivyo. Nilikuwa nimelala mara tatu mfululizo na nguo zinazonuka mafuta ya kukaangia, nikawaza, mume akiwa njiani ningelala hivi? Nisingelala. Basi mimi ninayelala nami kila siku nimekosa nini? Tangu hapo Alhamisi usiku ni yangu. Sijibu simu za oda, sifanyi masahihisho ya madaftari ya skuli, na sufuria ikibaki inabaki. Wiki nyengine napitiwa na usingizi kabla kaa halijawaka, na huko nako ni kupumzika.

Juzi, Alhamisi hii, nimeshatia udi, mlango ukagongwa. Mtoto wa jirani kasimama na chetezo kitupu mkononi, kile cha udongo chenye mdomo uliomeguka.

"Mama anaomba kaa la moto."

Nikamchagulia kubwa lililoiva, nikaweka na kipande cha udi pembeni. Mume wa jirani naye hayupo, yuko Tumbatu tangu Jumapili. Asubuhi nikakutana naye bombani, kafunga mtandio vizuri, ananukia hatua tatu kabla hajafika.

"Jana ulichoma udi," nikamwambia.

"Mbu," akasema. "Mbu walizidi, mama."

Nikatega ndoo yangu nyuma ya yake. Nikamwambia kweli, siku hizi mbu wamezidi sana.